Mkeka Uliolala Uani

Ukifika Kisarawe leo, ukashuka ile njia ya nyuma ya boma, utaliona ghala la bati lenye milango miwili mikubwa, na mbele yake malori yanapakia korosho. Muulize kijana yeyote zamani pale palikuwa na nini. Atakwambia, "Palikuwa kiwanja tu." Kiwanja tu! Mmoja aliyasema hayo mbele yangu, nusura nimpige mwavuli. Nikamwambia, mwanangu, hapo uliposimama na viatu vyako palikuwa jiko la mama yangu. Akacheka, akidhani kikongwe anamtania. Mimi sitanii. Aliyejua kutania nilimjua, na ndiye nitakayemsema hapa. Jina lake silitaji, kwa sababu hata sisi tuliokaa naye ua mmoja hatukuwa tukilitumia. Tulimwita Mtani.

Alizaliwa wapi, wazazi wake nani, alifikaje pwani, hayo msiniulize. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Hilo lilimtosha yeye na lilitutosha sisi. Alipanga chumba cha uani katika nyumba ya pili kati ya zile nne za babu yangu. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa hata na mnazi mmoja wa kusema huu wangu. Alikuwa na utani, basi, na aliutumia kama wengine wanavyotumia panga.

Ngoja niueleze ua wenyewe, maana waliouua wangependa usahaulike. Babu yangu mzaa mama alifanya biashara ya sandarusi, ile gundi ya miti, tangu enzi za Mdachi, na kwa faida yake akajenga nyumba nne. Kila nyumba ilikuwa na baraza yake na barabara yake mbele, lakini nyuma zote zilifungukia ua mmoja. Katikati kisima. Kila mlango wa nyuma na jiko lake la mafiga. Vinu viwili, vya wote. Pembeni, chini ya mpapai, mahali palipozungushiwa makuti ambapo wanawake wetu walioshwa wakifa. Mwanamke aliyeolewa pale aliweza kukaa mwezi mzima asikanyage barabara na asikose kitu: chumvi anapata, mkunga anapata, mtu wa kugombana naye anapata. Mama yangu alikuwa akisema majirani zake anawajua kwa migongo ya nyumba zao tu.

Babu aliijua thamani yake. Alipoanza kuumwa aliwaita wanawe na wapangaji, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nyumba gawaneni. Ua msigawane. Ua ni wa wanaopika." Kila mtu aliitikia. Na mjomba wangu aliitikia, tena kwa sauti kuliko wote.

Nitafika kwa mjomba. Ngoja kwanza nimalize na Mtani, maana nikimtaja yule mtu mapema nitaharibikiwa na mazungumzo.

Mtani alikuwa akitwanga mpunga wa watu, na mikono yake ilikuwa minene kama ya mpagazi. Asubuhi ulikuwa humsogelei. Ukimwambia, "Shikamoo, Mtani," anajibu, "Ya jana sijaimaliza, unaniletea nyingine?" na mchi unashuka, dii. Baada ya vinu viwili vitatu hasira zinampungua, ndipo anaanza kuzunguka majikoni. Anafunua chungu cha mwenzake, anachota mchuzi, anaonja, anatikisa kichwa. "Huyu mumeo anavumilia mengi." Halafu anaondoka na kipande cha samaki. Humwambii kitu. Mtani haibi, anachukua. Sikukuu moja ya Idi baba yangu alitoka kuoga akakuta kanzu yake mpya haipo, na Mtani anapita barabarani ameivaa, mkono mmoja ameshika fimbo ya baba, anawaamkia wanaume wa msikitini kwa sauti nzito. Baba alikwenda kuswali Idi na shuka ya kitandani. Aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, ila yeye Mtani hakucheka. Katika miaka yote ile sikuwahi kuyaona meno yake kwa kicheko.

Mama alipojifungua mdogo wangu akawa hoi, Mtani ndiye aliyempikia uji wiki nzima, na kila kijiko kilikuja na tusi. "Kunywa, Mzaramo mvivu. Ukifa mimi nitamkasirisha nani?" Watoto alidai hawapendi. Tukipiga kelele karibu na chumba chake anatutupia maganda ya mihogo. Lakini mvua ikija, na mvua za vilima vya Pugu hazibishi hodi, ni yeye aliyekuwa akitoka mbio kutukusanya chini ya upenu wake, huku anatutukana kwamba tumemletea tope.

Mtu mmoja tu alimpenda waziwazi, naye alikuwa bibi yangu, mke wa babu. Bibi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Wawili hao walikuwa wakikaa juu ya kinu kilicholazwa, ungo mmoja mapajani, wanachagua mchele, na adhuhuri nzima inapita bila neno. Mtani huyo huyo ambaye mdomo wake haukuwa na mlango! Nilimwuliza bibi siku moja wanaongea nini. Akasema, "Tunapumzika na kelele zenu."

Babu akafariki. Jeneza lilipotaka kutoka kwa mlango wa uani, Mtani akajilaza kizingitini, chali, mikono kifuani. "Hapiti mtu! Mzee huyu nina matusi yangu kwake sijayamaliza, ananikimbia!" Ndiyo kazi ya mtani msibani. Wengine wanalia, yeye anazuia njia, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao na wanampa kitu. Alipewa kaniki, ile nguo nyeusi, akainuka. Na kwa kuipokea kaniki ile msiba ukawa mikononi mwake. Kwetu ilikuwa hivi: mtani aliyemzuia maiti ndiye mwenye tanga. Ndiye atakayelianua, yaani siku ya kumaliza atafagia jivu la moto wa msiba, atakunja mkeka mkubwa waliokalia waombolezaji, na mkeka huo ataondoka nao uwe wake. Mwingine hawezi. Na mpaka afanye hivyo msiba haujaisha: mali ya marehemu haigawanywi, na pale ulipo mkeka haipigwi ngoma, kwa sababu miguu ikicheza juu ya tanga imeshalianua. Maalimu wetu alikuwa akituambia hayo hayamo kitabuni. Kweli hayamo. Lakini na yeye mkeka wa tanga alikuwa akiuzunguka, haukanyagi.

Haya, sasa mjomba. Alikuwa kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa babu na bibi, karani Dar es Salaam. Suruali imenyooshwa, saa mkononi, na Kiswahili cha ofisini hata akiomba maji ya kunawa. Siku ya tatu ya msiba, watu bado wanakula, alikuja na bwana mmoja aliyeshika kamba. Wakaanza kupima ua. Mmoja ameshika ncha huku kisimani, mwingine anarudi nyuma kuelekea majikoni, na kamba inapita juu ya vichwa vya wanawake waliokaa wanakula. Juu ya vichwa vyao! Hata hodi hawakupiga. Kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga ghala karibu na boma, na mjomba alikwisha kumwahidi, baba yake hajafa bado.

Mtani alikuwa amesimama na ufagio mkononi, tayari kuanua. Akaitazama kamba ile inavyokwenda na kurudi. Akauweka ufagio chini.

"Vipi, Mtani?" mjomba akasema. "Fagia, watu waondoke."

"Sijamaliza kulia."

"Hujatoa hata chozi!"

"Ndiyo maana sijamaliza. Hata sijaanza."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye alicheka, maskini, alidhani ni utani wa kuongezewa kaniki. Akampa nyingine, akaipokea, akaifunga kiunoni, akaenda kutwanga. Mkeka ukabaki chini. Arobaini ikasomwa, ukabaki chini. Mwaka ukapita, ukabaki chini, karibu na kisima, umewekewa mawe pembeni usipeperuke.

Mjomba alifanya kila alichojua. Alileta watani wengine, wapagazi wa Kinyamwezi kutoka Pugu stesheni. Kila aliyekuja aliuliza kwanza, "Nani alilala mlangoni?" Akionyeshwa Mtani, anaomba maji ya kunywa, anakwenda zake. Akamwambia yule tajiri ajenge hivyo hivyo. Tajiri alikuwa tayari, lakini fundi gani wa Kisarawe angechimba msingi chini ya mkeka wa marehemu? Mwisho alimpeleka Mtani barazani kwa liwali. Nilikuwa msichana, nilikwenda na mama, tukasimama nje dirishani. Mjomba alieleza kwa ufasaha mkubwa. Liwali akamgeukia Mtani, akamwuliza ana la kusema. Mtani akasema, "Bwana liwali, huyu mtumwa wangu ananishitaki kwa sababu namlilia baba yake. Yeye amelia?" Baraza zima likacheka, wazee wa baraza wakafuta macho kwa vilemba. Liwali akasema yeye hajapata kusikia mtani anashitakiwa, na kama bwana karani ana haraka basi na akae chini alie, pengine mambo yataharakishika. Mjomba alirudi Dar es Salaam siku ile ile, kwa mguu mpaka Pugu, maana hakutaka kupanda gari na watu waliomcheka.

Mkeka ukioza hukujua. Mtani alisuka ukili mpya, akashona mkeka mwingine, na katika kila mpya alitia ukili mmoja wa ule wa zamani, akautandika palepale. Alikuwa akiufagia kila Ijumaa. Kuku akiupanda alimfukuza kwa matusi ya kumtaja mama yake kuku. Na majiko yetu yakaendelea kuwaka, kisima kikaendelea kutekwa, wanawake wakaendelea kupita mlango kwa mlango bila kujitanda. Hayo ndiyo aliyotufanyia, nami nayasema wazi kwa sababu mengi ya nitakayosema sasa ni ya lawama.

Nilichumbiwa wakati wa vita vya Wazungu, vile vya pili, nguo zilipoadimika. Mume wangu ni mtu wa Masaki, ile ya huku Kisarawe, si ya Dar es Salaam, mkulima wa mihogo, si tajiri, lakini alitafuta ngoma. Alikwenda mwenyewe kuwaita wapigaji, akauza mbuzi. Mimi nilikaa ndani mwali, nimepakwa liwa, na kwa muda wote ule nilikuwa nikiwaza kitu kimoja: nitakavyotolewa uani, wanawake wa nyumba nne wamenizunguka, ngoma inalia kisimani pale ambapo mama alichezewa, na bibi alichezewa alipoletwa kwa babu. Hakukuwa na kingine nilichokitaka. Wapigaji wakafika na ngoma zao begani. Mtani akasimama mlangoni.

"Ngoma wapi?"

"Uani, Mtani," mama akamwambia. "Ni ya mtoto wako huyu."

"Hapa pana tanga."

"Tutachezea upande ule, mbali na mkeka."

"Ngoma ina upande? Mnataka kunianulia kwa miguu? Leo mnacheza, kesho kamba inakuja."

Mama akalia. Bibi akatoka ndani, akamtazama shoga yake, akarudi ndani. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya mlango, liwa inanikauka usoni. Nilimwita majina ambayo mwali hatakiwi hata kuyajua. Wapigaji wakaondoka. Nilitolewa kwa mlango wa mbele, mlango wa wageni, kimyakimya, kama mtu anayetoroshwa. Wanawake wa Masaki walinipokea wakaulizana mimi nimefiwa au nimeolewa. Na neno hilo lilinifuata: bibi harusi wa matanga. Nikizaa, linatajwa. Nikigombana na mke wa shemeji, linatajwa.

Basi toka siku ile sikumwamkia. Nikija Kisarawe kumtazama mama napita karibu naye, yeye anatwanga, mimi nageuza uso. Alikuwa akisema kwa sauti, akikiambia kinu, "Kuna watu wameolewa na wakasahau shikamoo." Nilikuwa na uchungu, jamani, na ninao mpaka sasa. Na si mimi peke yangu. Wasichana wote wa ua ule walioolewa miaka ile walitoka kwa mlango wa mbele. Ua wetu ulikuwa salama, na ndani ya usalama huo hakuna aliyepiga hata kigelegele. Niliwahi kumwuliza bibi, ua gani huu unaotunzwa kwa kuzuia yale yaliyoufanya uitwe ua? Bibi akasema, "Umeshakula?" Ndivyo alivyokuwa akinijibu asipotaka kunijibu.

Bibi alipozeeka, mjomba alikuja kumchukua akakae naye Dar es Salaam. Kwa matibabu, alisema. Watu walimsifu. Hakumaliza mwaka, akafariki kule. Na mjomba hakumzika kule. Alikodi lori, akamleta kwao azikwe kando ya mumewe, na hapo watu walimsifu mara mbili. Mimi pia nilimsifu. Nilitoka Masaki mbio na mtoto mgongoni, nikafika lori likipanda kilima. Tulisimama barabarani wanawake wote, tunalia.

Lori liliposimama, kabla maiti hajashushwa, jamaa mmoja mnene akaruka kutoka nyuma, akalala chini barabarani mbele ya nyumba. "Hashuki mtu! Bibi huyu ananikimbia!" Mtani kutoka Dar es Salaam! Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, na kicheko hicho ndicho kinachonichoma kila nikipita pale. Tulisema, lo, hata mjini watani wapo, bibi kaja na heshima zake. Mjomba tayari alikuwa na kaniki mkononi, mpya, imekunjwa. Hakuna aliyejiuliza ni mfiwa gani anayesafiri na mtani wake ndani ya lori moja na maiti, kaniki kaishika.

Na uani mkeka wa babu bado uko chini. Kwetu tanga halitandikwi juu ya tanga. Lazima la kwanza lianuliwe, la sivyo bibi angelazwa na kuliliwa wapi? Barabarani? Kwa jirani, kama mgeni aliyefia safarini? Watu wote tukamgeukia Mtani. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mikono yake minene inaning'inia. Alitutazama tunavyomaliza kicheko chetu. Akageuka, akachukua ufagio, akafagia lile jivu la miaka yote, akakunja mkeka, akaupeleka chumbani kwake. Halafu akachota maji, akaingia kule chini ya mpapai kumwosha shoga yake. Alifunga makuti, hakutaka kusaidiwa na mtu.

Siku ya tatu jamaa mnene alianua tanga la bibi kabla chai haijapoa. Alikuwa na haki, si ndiye aliyelala mbele ya maiti? Wiki iliyofuata kamba ilirudi. Kisima walikifukia kwa mafiga yetu. Walikuwa na mchanga wa kutosha, lori zima, lakini walichukua mafiga. Wanawake wakawa wanapikia vyumbani, kuta zikawa nyeusi, mmoja baada ya mwingine wakahama. Mama alikuja kwangu Masaki, na mpaka anakufa alikuwa akisema anaona haya kupuliza moto mahali ambapo wapita njia wanamwona. Mjomba akajenga nyumba ya mawe mjini. Akaishi vizuri. Namsubiri kwa Mungu.

Mtani aliondoka siku kamba iliporudi. Mkeka kichwani, mchi mkononi, hakuaga. Nami nilibaki na swali langu: kama mkeka ule ulikuwa unaanulika, kwa nini haukuanuliwa siku ya ngoma yangu?

Miaka ikapita. Mume wangu akasikia kwa muuza mkaa mmoja kwamba karibu na stesheni ya Ruvu kuna kikongwe wa Kinyamwezi anayefunua vyungu vya wake za watu wa reli na kula nyama, na hakuna anayethubutu kumpiga. Nikasema, huyo huyo. Nikapanda gari moshi Pugu, nikashuka Ruvu, nikauliza, nikaonyeshwa chumba kimoja cha udongo, mlango wake unatazama reli. Ua hakuna. Hata wigo hakuna. Alikuwa amekaa nje juani, amekonda, ile mikono imebaki ngozi.

Nilikuwa nimejipanga nisimwamkie. Mdomo ukanisaliti. "Shikamoo, Mtani."

"Zimekusanyika nyingi," akasema. "Hiyo moja inalipia ipi?"

Sikukaa. Nilimmwagia yote nikiwa wima. Kwamba alininyima ngoma. Kwamba nimeitwa bibi harusi wa matanga mbele ya watoto wangu. Kwamba alijifanya mjanja kuliko liwali, halafu akadanganywa na jamaa mnene wa mjini aliyelala barabarani kama gogo.

"Nani kadanganywa?" akauliza.

"Wewe!"

"Nilimwona kabla yenu. Lori lilipopinda kwenye boma nilimwona amekaa kando ya maiti, kanyoa, kapaka mafuta. Nikasema, huyo anakwenda kulala."

"Ulijua?"

"Nyie ndio mlicheka. Mimi nilicheka?"

Nikakaa kwenye tope kavu. "Ulijua kwamba ukilianua la babu, ua umekwenda. Ukalianua."

"Sasa ulitaka nimwache barabarani? Shoga yangu?" Sauti yake ilipanda, na hasira zake za asubuhi zikarudi, zile nilizozijua. "Miaka yote niliwawekea ua, mkapika, mkazaa, mkanitukana. Yeye nilikuwa na siku moja ya kumwekea. Wewe ulikuwa na miguu, ungekwenda kucheza popote. Masaki hakuna uwanja? Mlikosa ngoma au mlikosa akili?"

"Nilitaka pale!"

"Najua ulitaka pale."

Akajiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani, nikamsikia anavuta kitu chini ya kitanda. Alitoka na mkeka. Niliujua hata kabla haujakunjuliwa. Ukili mmoja mweusi wa zamani katikati ya mweupe. Akautandika mbele ya mlango, mchana kweupe, watu wa reli wanapita. Akarudi ndani, akatoka na debe tupu, akakaa nalo katikati ya magoti.

"Simama."

"Nisimame nini?"

"Bibi harusi anachezewa amekaa?"

"Mtani, mimi nina watoto wakubwa. Sikuja hapa kucheza."

"Ulikuja kugombana. Gombana basi, lakini simama." Na akalipiga debe.

Wallahi sikutaka. Nilikuwa na hasira, hasira za mjomba, za kisima, za mafiga ya mama yangu yaliyomo ndani ya shimo lile, na hasira zake yeye, kikongwe mkaidi, ambaye hata msamaha hajui kuuomba kama watu. Nikasimama nimwambie hayo. Debe likalia mdundo ule ule wa kumtolea mwali. Mguu ukashuka wenyewe juu ya mkeka. Nikaukanyaga. Nikaukanyaga kwa nguvu kama ninavyotaka kulikanyaga lile ghala, na machozi yananitoka, wanawake wa reli wakaja kusimama, mmoja akapiga kigelegele bila kujua cha nini. Mtani anapiga debe, ananitukana: "Kanyaga, Mzaramo! Masaki wanakulisha nini, mbona mguu mwepesi?" Nilicheza mpaka ukili ukaanza kufumuka, mkeka ukaachana vipande chini ya miguu yangu.

Akaacha kupiga. Akainama, akaokota kipande kile cheusi, akakipuliza vumbi.

"Kwa mkono nililianua kwa ajili ya bibi yako," akasema. "Kwa miguu lilikuwa bado. Sasa tanga la babu yako limekwisha."

Nilikuwa nahema. Nikamwambia, "Mimi bado nina hasira, Mtani."

"Hizo ni zako," akasema. "Hizo mimi sikuzilalia mlangoni, siwezi kukuanulia."

Akanipa debe nimrudishie ndani, akaenda kufunua chungu cha jirani.